Jozi Arobaini na Moja

Saa moja na nusu kila asubuhi, kabla ya kengele ya pili, wanafunzi wa kidato cha nne walisimama mistari miwili barazani mwa darasa lao, na mwalimu wa nidhamu akapita katikati yao akiangalia chini. Nyuso hakuziangalia. Nyuso, alisema, hudanganya, kiatu hakidanganyi. Mkononi alishika brashi ya mbao iliyokwisha nywele upande mmoja kwa miaka kumi na mitano ya kazi. Kiatu chenye vumbi alikigonga mara moja kwa mgongo wa brashi, si kwa nguvu, kisha akampa mwenye kiatu brashi ajihudumie. Wanafunzi walimwita Bi Brashi. Alijua, wala hakulichukia jina hilo, maana mwalimu aliyemtangulia walimwita Kiboko, na kati ya kiboko na brashi mtu mwenye akili zake anajua achague kipi.

Viatu vyenyewe vilikuwa vya ngozi nyeusi, vya kufunga kwa kamba, na vyote vilitoka mikononi mwa fundi mmoja. Fundi huyo alifanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba yake, ng'ambo ya reli, walikokaa watu wa mapipa. Waliitwa hivyo kwa ajili ya mapipa ya kulowekea ngozi yaliyopangwa nyuma ya nyumba zao. Babu zao walikuja kutoka mbali na lugha yao na kazi yao, wakapewa kipande cha ardhi ambacho hakuna aliyekitaka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walipewa jembe siku waliyofika, wakalima mpaka mpini ukalika, na bado ugeni wao ulikuwa mbichi. Mjini ilisemwa kwamba wananuka. Waliosema hivyo walikuwa wamevaa viatu vyao na kufunga mikanda yao, ila hilo hakuna aliyeliona kuwa neno.

Darasani alikuwemo mmoja tu kutoka huko, binti wa fundi huyo, na ndivyo alivyoitwa, Binti Fundi. Tangu kidato cha kwanza alikaa kwenye dawati la watu wawili karibu na dirisha, peke yake. Hakuna aliyemfukuza wala kumtukana. Ni kwamba kila aliyehamia darasani aliangaza macho huku na huku, kisha akaenda kubanana na wenzake wawili kwenye dawati jingine. Ukiuliza unaambiwa pale dirishani pana baridi. Binti Fundi alioga alfajiri, akaoga tena jioni, na alinukia sabuni ya kufulia na nta kidogo, kwa kuwa tangu ana miaka saba yeye ndiye aliyepaka nta uzi wa baba yake na kugonga soli. Kwenye hesabu hakuwa na mpinzani. Alitaka kuingia kidato cha tano, halafu akasomee kujenga madaraja, na alilisema hilo kwa utulivu, kama mtu anayesema atapita sokoni akirudi nyumbani.

Bi Brashi naye alivaa viatu vya fundi huyo. Mguu wake wa kulia ulikuwa mkubwa kuliko wa kushoto, siri aliyoibeba tangu utotoni akichechemea ndani ya viatu vya dukani. Alipoajiriwa alikwenda ng'ambo ya reli mara moja tu, akavua, akapimwa. Fundi aliiangalia miguu yake, akaandika namba mbili tofauti kwenye kipande cha karatasi, akakikunja. Wiki iliyofuata viatu vililetwa shuleni, kila kimoja na mguu wake, na ukivitazama kwa nje huoni tofauti. Bi Brashi alilia kidogo chooni, akafuta macho, akaenda kukagua viatu vya wengine. Tangu siku hiyo vilibadilishwa soli mara nne, za karibuni kwa mkono wa Binti Fundi, lakini viatu vilikuwa vilevile.

Mwezi wa pili uliletwa waraka. Kulikuwa na somo jipya, Kuishi Pamoja, na kitabu chake kilikuwa na jalada lenye mikono mingi iliyoshikana bila ya kuonyesha ni ya nani. Bi Brashi alipewa somo hilo kwa sababu ratiba yake ilikuwa na nafasi siku ya Jumanne. Waraka ulisema wazi kwamba asiyefaulu Kuishi Pamoja haingii kidato cha tano, hata akiwa bingwa wa masomo mengine yote. Kulikuwa na mtihani wa kuandika, na kulikuwa na kazi ya vitendo, na lazima mtu afaulu kila kimoja kivyake.

Darasa lilipenda somo hilo tangu siku ya kwanza. Halikuwa na kanuni za kukariri wala michoro. Bi Brashi akisema binadamu wote, darasa lilijibu kwa sauti moja kwamba ni sawa. Akiuliza tofauti zetu ni nini, lilijibu ni utajiri. Wiki ya tatu alitoa jaribio dogo na wanafunzi arobaini walipata alama zote. Binti Fundi alipoteza swali moja lililouliza faida ya kukaa na mtu wa jamii nyingine. Aliandika kwa mwandiko wake mzuri uliosimama: "Sijui. Sijawahi kukaa na mtu." Bi Brashi aliangalia mwongozo wa kusahihisha, jibu hilo halikuwemo, akaweka sifuri. Kalamu nyekundu ilikaa mkononi mwake muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kazi ya vitendo ilikuwa hivi. Kila mwanafunzi achague mwenzake mmoja wa jamii tofauti. Amtembelee nyumbani, akaribishwe sebuleni, anywe chai na wenyeji, naye mwenzake afanye vivyo hivyo kwake, kisha waandike ripoti moja. Mkuu wa shule alipoulizwa jamii tofauti ni zipi, ikiwa arobaini kati ya wanafunzi arobaini na mmoja ni wa jamii moja, alifikiri kidogo, akasema wanaokaa juu ya barabara kuu na wanaokaa chini yake wanatofautiana vya kutosha. Wa juu wana vigae, wa chini wana mabati.

Jumanne hiyo, kipindi cha baada ya mapumziko, Bi Brashi aliliambia darasa kila mmoja ainuke aende kwa mwenzake aliyemchagua. Mpaka siku hiyo hakuna aliyekuwa ameambiwa ainuke. Walikuwa wamekaa mbali na Binti Fundi tangu mwanzo, na kukaa mbali hakuhitaji hatua. Sasa arobaini waliinuka kwa pamoja, wakaelekea upande wa mlangoni, mbali na dirisha, na viatu vyao vikabaki.

Jozi arobaini zilibaki pale wenyewe walipokuwa, kamba zimefungwa, na kila ncha ilikuwa imegeuka kuelekea dawati la dirishani. Wanafunzi walifika upande wa pili wakiwa na soksi. Wakatazama chini, wakatazama walikotoka. Havikuwa vimenasa sakafuni. Mwana wa mwenyekiti wa bodi alirudi, akaviinua vyake bila shida, akavivaa, akapiga hatua ya kwenda mlangoni, akajikuta tena kwenye soksi na viatu viko nyuma yake vimeelekea dirishani. Soksi yake ya kushoto ilikuwa na tundu, na kidole gumba kilichungulia. Kiranja alinyoosha mkono akauliza kama waendelee hivyohivyo au wasubiri.

Bi Brashi aliikumbuka sheria ya kumi na nne, inayokataza mwanafunzi kuacha viatu vyake ndani ya eneo la shule. Haikusema chochote kuhusu viatu vinavyomwacha mwanafunzi. Akawaambia waendelee. Zilipatikana jozi ishirini za wanafunzi, na Binti Fundi akabaki. Kengele ilipolia wakatoka kwa soksi, na yule binti akainuka, akaanza kuviokota viatu. Hakuhitaji kuvipimanisha. Alikitazama kiatu mshono wa kisigino, akajua mwenzake ni kipi. Alivipanga ukutani barazani kwa mstari ulionyooka, akachomeka kamba ndani ili zisichafuke, kisha akaenda kwenye kipindi cha fizikia.

Wenyewe walivikuta hapo jioni, wakavivaa, wakaenda navyo nyumbani bila ya taabu. Hakuna aliyeona haya. Kiatu ni changu, alisema mwana wa mwenyekiti, si chake.

Mkuu wa shule alisema ni ngozi haikukauka vizuri. Akamwita fundi, naye akaja mchana, kofia mkononi, akasimama mlangoni mwa ofisi kwa sababu hakuambiwa aketi. Alipewa kiatu kimoja. Akakikunja, akakinusa, akapitisha ukucha kwenye mshono, akasema ngozi ni kavu na uzi ni mzima.

"Kiatu kinamjua aliyekihangaikia, mkuu," alisema. "Mimi nakata tu. Nta anatia yeye, soli anagonga yeye. Viatu vyote hivi vimelala mapajani mwake."

Mkuu wa shule akauliza kama kuna namna ya kuvitengeneza.

"Hakuna kilichoharibika," alisema fundi.

Kwa hiyo mambo yaliendelea. Binti Fundi akisimama kwenye foleni ya maji, foleni ilirudi nyuma na viatu vikabaki mbele. Akiingia maktaba, wasomaji walihamia meza ya mbali na chini ya meza ya kwanza zilibaki jozi sita au saba, zimetulia. Watu walizoea. Wazazi waliziba matundu ya soksi, na wengine wakashona vipande vya turubai chini yake. Kila jioni yule binti alivipanga viatu barazani. Mwanzoni mmoja wawili walisema asante, halafu ikawa kama kazi yake, na siku aliyochelewa kwa sababu ya mtihani wa hesabu, kiranja alimuuliza kwa nini viatu havijapangwa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Kuhusu kazi ya vitendo, Bi Brashi alikwenda kwa mkuu wa shule akaomba kundi moja liruhusiwe kuwa la watatu. Mkuu alimwonyesha waraka. Wawili, ulisema. Darasa lina arobaini na mmoja, kwa hiyo lazima mmoja abaki, na akiwa ndiye huyo, basi ndiye huyo. Hiyo ni hesabu tu, alisema mkuu kwa upole, na hesabu haina chuki na mtu.

Siku ya tatu baada ya hapo Binti Fundi alimngoja Bi Brashi nje ya chumba cha walimu. Alimwamkia, akaitikiwa, akafungua waraka ambao alikuwa ameunakili wote kwa mkono.

"Mwalimu, hapa wameandika mtu mwingine wa shule hiyohiyo. Hawakuandika mwanafunzi," alisema. "Wewe ni wa shule hii. Na si wa kwetu. Tunaweza kuwa wawili?"

Bi Brashi alisoma mstari huo mara mbili. Ulikuwa kama alivyosema. Akahisi joto shingoni, la furaha na la hofu, hakuweza kuyatenga. Alisema ndiyo kabla hajafikiria sebule yao.

Jumamosi iliyofuata alivuka reli. Viatu vyake vilikwenda upesi kuliko alivyozoea, ikabidi avizuie kwenye makutano. Harufu ya mapipa ilikuwepo, kali, ya magome na chumvi, na baada ya dakika kumi pua yake iliacha kuitaja. Fundi na mkewe walimkalisha kwenye kiti chenye mto. Akapewa chai na mkate. Walisema naye lugha ya mjini, wao kwa wao lugha yao, na Binti Fundi akafasiri yale yaliyostahili kufasiriwa, na mengine akacheka tu. Ukutani kulikuwa na vigogo vya mbao vyenye umbo la mguu, vimetundikwa viwili viwili, na kwenye msumari wa tatu Bi Brashi aliona viwili ambavyo kimoja kilikuwa kikubwa kuliko kingine. Fundi aliona kwamba ameona.

"Naviweka vya kwako karibu," alisema. "Siku ukihitaji vingine nisianze kupima upya."

Bi Brashi alirudi nyumbani akiwa na kurasa nne za maandishi. Nusu ya kazi ilikuwa imekamilika. Ilibaki nusu ya pili, ambayo ilikuwa ni kwao.

Kwao maana yake ni kwa mama yake. Mama alikuwa mkunga mstaafu, na nusu ya mji huo ilizaliwa mikononi mwake. Alivuka reli usiku na mchana alipoitwa, kwa mvua na kwa jua. Binti Fundi mwenyewe alikuja akitanguliza miguu, na ni mama huyo aliyemtoa mzima, akampiga kofi la kwanza, akamfunga kitambaa. Hakuwahi kukataa mgonjwa wala kumbagua mzazi. Lakini kazini ni kazini, alisema, na sebuleni ni sebuleni. Kikombe walichonywea watu wa mapipa hukiweka wapi? Aliuliza hivyo bila ubaya, kama mtu anayeuliza ufagio uwekwe wapi.

Bi Brashi alikuwa na miaka arobaini na minne na aliwahi kumfukuza shule mtoto wa polisi, lakini alimwogopa mama yake. Wiki ya kwanza alisema sebule inapakwa rangi. Wiki ya pili alisema kuna wageni. Kila mara Binti Fundi alijibu sawa mwalimu, na kila mara Bi Brashi alikwenda zake haraka, akihisi viatu vyake vinamlegea kisiginoni. Akakaza kamba. Ripoti ilitakiwa Jumatatu. Jumamosi ya mwisho alimwambia yule binti aje saa kumi, akaapa moyoni kwamba atamwambia mama asubuhi. Asubuhi hakumwambia. Mchana pia hakumwambia, akafuta vumbi kwenye kabati la vikombe mara tatu.

Saa kumi kamili kengele ya geti ililia. Mama aliinua pembe ya pazia.

"Yule si wa fundi viatu? Ana shida gani?"

Bi Brashi alieleza. Alieleza waraka, somo, kidato cha tano, na madaraja. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kwa huruma, maana alikuwa mwanamke mwenye huruma.

"Mtoto mzuri yule. Nilimtoa mwenyewe, alitaka kufa," alisema. "Lakini vitambaa vya viti nimevifua juzi, mwanangu. Na majirani wanaangalia. Mwambie naumwa."

Bi Brashi alisimama katikati ya sebule. Ilikuwa sebule ya kawaida, viti vinne, saa ya ukutani, meza yenye kioo. Alifikiri kwamba sasa atasema neno. Alilisubiri hilo neno kama unavyosubiri kupiga chafya, na halikuja. Akatoka, akapita njia ya kokoto mpaka getini.

Binti Fundi alikuwa amevaa sare iliyopigwa pasi, na mkononi ana daftari jipya. Aliamkia.

"Mama hajisikii vizuri," alisema Bi Brashi.

"Pole yake. Nije kesho?"

"Kesho sijui. Nitakwambia."

Yule binti aliangalia pazia, ambalo pembe yake ilikuwa bado imeinuliwa, kisha akaangalia chini ili mwalimu asione kwamba ameona. Bi Brashi aligeuka kurudi ndani. Hatua ya kwanza, kokoto zilimchoma. Ya pili zilimchoma zaidi. Hakuhitaji kutazama nyuma, lakini alitazama. Viatu vyake vilikuwa getini, cha kulia na cha kushoto, ncha zimeelekea nje. Na Binti Fundi alikuwa ameinama anavipanga, kimoja sambamba na kingine, anachomeka kamba ndani. Alifanya hivyo kwa mazoea. Kisha akasimama, akasema kwaheri mwalimu, akaondoka.

Bi Brashi aliingia ndani pekupeku. Mama alimuuliza viatu viko wapi. Akajibu viko getini, na mama akasema avitoe pale, wezi ni wengi.

Jumatatu asubuhi Bi Brashi alimwita yule binti ofisini, akafunga mlango. Alikuwa na mpango. Funika kombe mwanaharamu apite, alijiambia njia nzima. Akamwambia aandike tu kwamba alikaribishwa, na yeye atatia saini.

"Nitaandika nini, mwalimu? Sijui ndani kukoje."

Bi Brashi akaanza kumweleza. Viti ni vinne, vitambaa ni vyeupe, saa iko juu ya mlango na inakwenda mbele dakika tano. Alieleza vikombe, vyenye ukingo wa buluu. Alieleza vizuri, kimoja kimoja. Binti Fundi alikuwa ameshika kalamu na hajaandika kitu.

"Ni pazuri," alisema. "Lakini nitaandika mpaka pale nilipofika."

Akaketi pembeni ya meza akaandika ukurasa mmoja. Bi Brashi aliusoma. Ulisema: "Nilifika getini saa kumi kamili. Geti ni la kijani na limepakwa rangi si zamani. Kengele inafanya kazi vizuri. Njia ina kokoto, safi. Kutoka getini mpaka mlangoni nakadiria ni hatua kumi na nane za mtu mzima. Mwenyeji alikuja mwenyewe kunipokea. Viatu vyake vilinikaribisha." Bi Brashi alitia saini chini. Ndicho kitu pekee alichokuwa na haki ya kutia saini.

Mkuu wa shule alisahihisha ripoti zote mwenyewe. Wanafunzi wawili majirani ambao milango yao ilitazamana waliandika kurasa kumi na mbili kuhusu kuvuka barabara, wakapata alama ya juu kabisa, na ripoti yao ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo chini ya ile picha ya mikono. Kwenye ripoti ya Binti Fundi mkuu aliandika: "Lugha nzuri, vipimo vizuri. Haijakamilika." Kazi nusu haikuwa na alama. Bi Brashi alikwenda kwake mara mbili. Mara ya kwanza mkuu alimwonyesha waraka. Mara ya pili alimuuliza, kwa upole uleule, kama ni kweli kwamba mgeni hakuingia ndani, na kama ni kweli, ni nani aliyemzuia. Bi Brashi hakwenda mara ya tatu.

Wanafunzi arobaini waliingia kidato cha tano. Binti Fundi alipata alama ya kwanza ya mkoa katika hesabu, akapewa cheti, na akarudi chumba cha mbele cha baba yake. Siku ya mwisho alivipanga viatu barazani kama kawaida, akaviangalia mstari wake, akasogeza jozi moja iliyokuwa imepinda, akaenda.

Wakati wa likizo bodi ilikutana kuhusu tatizo la viatu. Ilichukua nusu saa. Ikaamuliwa kwamba kuanzia muhula mpya sare ya shule ni viatu vya mpira, vinavyotengenezwa kwa mashine na havijapita mapajani mwa mtu. Mwenyekiti alisema ni vyepesi, vinaoshwa kwa maji, na vinakwenda popote mtu anapotaka kwenda. Vilivaliwa na wote, na havikubaki nyuma hata mara moja. Muhula huo waliingia kidato cha kwanza wasichana wawili kutoka ng'ambo ya reli. Wakapewa dawati la dirishani.

Bi Brashi bado anapita barazani saa moja na nusu kila asubuhi akiangalia chini. Mpira hauhitaji brashi. Brashi iko kwenye droo, na jina limebaki.

Viatu vyake vya ngozi alivitoa getini jioni ya Jumamosi ile, akaviweka chini ya kitanda. Asubuhi vilikuwa getini. Akaviweka kabatini, akafunga na ufunguo. Asubuhi vilikuwa getini, ncha zimeelekea kwenye reli. Vilikuwa vya zamani, na vilikuwa na ukaidi wa utu uzima. Mwishowe aliviacha hapo. Wapita njia wamezoea, na mama pia amezoea. Wingu likitanda, mama ndiye anayetoka na ndoo, anavifunika visilowe, kwa sababu ni kazi nzuri, anasema, siku hizi hupati mshono kama ule. Mvua ikikatika anarudi kufunua.

Kila asubuhi Bi Brashi anavipita akienda kazini. Reli iko upande wa kulia, mwendo wa dakika ishirini, na vigogo vyake viwili bado vimetundikwa kwenye msumari wa tatu. Anajua hivyo bila kuambiwa. Anasimama kidogo, kisha anashika njia ya kushoto, kwenye viatu vya mpira ambavyo vyote viwili ni vya namba ileile. Mguu wa kulia unambana, naye anatembea hivyohivyo mpaka shuleni.